Maisha ya Robert Warington, Bwana wa Maji ya Samaki

Tumezoea kusoma habari za wafalme, majemadari na wasafiri wakubwa. Leo nawaletea habari za mtu ambaye hakutawala nchi wala hakupigana vita. Alikuwa mtaalamu wa kemia katika mji wa London, na sifa yake kubwa ilitoka katika chombo kimoja cha kioo, samaki wawili, mmea mmoja na konokono watano au sita. Jina lake ni Robert Warington. Watu wanaofuga samaki katika matangi ya kioo, yaitwayo akwariamu, humhesabu kuwa mmoja wa baba wa kazi yao. Lakini wengi hushika nusu ya habari yake na kuiacha nusu ya pili, na kwa sababu hiyo samaki wao hufa. Nusu hiyo iliyoachwa ndiyo niliyotaka hasa kuieleza.

Robert Warington alizaliwa tarehe 7 Septemba 1807 katika bandari ya Sheerness, kusini mashariki ya Uingereza. Kazi ya baba yake ilikuwa kuwapatia mabaharia vyakula vya merikebuni. Mwaka 1818 kijana akaingia shule ya Merchant Taylors' mjini London, na mwaka 1822 akawekwa kuwa mwanagenzi wa bwana mmoja wa kemia aitwaye Cooper, kwa mkataba wa miaka mitano. Siku zile kemia haikujifunzwa kwa vitabu peke yake. Mwanagenzi alikaa karibu na bwana wake akipima, akichuja na kuchemsha, hata mikono yake ikaijua kazi.

Mwaka 1828 chuo kikuu kipya kilifunguliwa London, na mwalimu wake wa kemia, Edward Turner, akamchagua Warington kuwa mmoja wa wasaidizi wake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1831, akaajiriwa katika kiwanda kikubwa cha bia cha Truman, Hanbury na Buxton, akakaa huko mpaka mwaka 1839. Pengine msomaji atashangaa mtu wa elimu kwenda kufanya kazi ya bia. Lakini mpika bia hujifunza upesi jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwamba maji si maji tu. Maji mawili yanaweza kufanana machoni, na kila moja likawa na vitu vyake ndani.

Alipotoka katika kiwanda, Warington aliona kwamba wenye elimu ya kemia katika Uingereza walikuwa wametawanyika, kila mtu na chumba chake na siri zake. Basi akaanza kuwaita pamoja, na mwaka 1841 chama chao, Chemical Society, kikaanzishwa. Yeye akawa mwandishi wake kwa miaka kumi, mpaka mwaka 1851. Mwaka 1842 akapewa kazi katika Apothecaries' Hall, jumba la chama cha watengenezaji wa dawa mjini London. Huko alisimamia utengenezaji wa dawa, na huko huko akakaa mpaka mwaka 1866.

Kuna habari moja ya siku hizo inayoonyesha tabia yake. Mwaka 1844 alipima majani ya chai ya kijani yaliyouzwa madukani London. Watu waliyapenda kwa rangi yake nzuri. Warington akaonyesha kwamba nyingi ya chai ile ilikuwa imepakwa rangi ya buluu na unga wa jasi ili ipendeze macho. Mwaka 1855 akaitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza vyakula na dawa zilizochanganywa kwa udanganyifu, akatoa ushahidi wake. Naomba msomaji aikumbuke habari hii ya chai, kwa maana hata maji ya samaki yanaweza kupendeza macho na kuwa mabaya ndani.

Sasa tuje kwenye samaki. Watu walikuwa wamefuga samaki katika vyombo tangu zamani sana, lakini njia yao ilikuwa moja tu: maji yakichafuka, yamwagwe yote na kutiwa mengine. Samaki wengi walikufa katika kazi hiyo. Kulikuwa na wengine waliojaribu kwa bidii zaidi. Mwaka 1846 bibi mmoja aitwaye Anna Thynne alichukua wanyama wa matumbawe kutoka pwani ya Torquay akawapeleka London, mbali na bahari. Ili maji ya chumvi yasiharibike, mtumishi wa nyumba alikuwa akiyamimina kutoka chombo kimoja hata kingine mbele ya dirisha, ili yapate hewa. Hapana mvuvi atakayecheka kazi hiyo, kwa kuwa maji yanayotikiswa na upepo hupata hewa zaidi ya maji yaliyolala.

Warington alifikiri njia nyingine. Alijua kazi ya Joseph Priestley, ambaye mwaka 1771 alionyesha kwamba mmea ukiwekwa katika hewa iliyoharibiwa na mshumaa huifanya kuwa nzuri tena, na kazi ya Jan Ingenhousz, ambaye mwaka 1779 alionyesha kwamba mmea hufanya hivyo kwa nuru tu, wala si gizani. Samaki huvuta oksijeni iliyomo majini na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Mmea, ukiwa katika nuru, huichukua kaboni dioksidi na kutoa oksijeni. Basi Warington akajiuliza kama wawili hawa hawawezi kulishana ndani ya chombo kimoja, maji yakakaa mazuri bila kumwagwa.

Mwaka 1849 akafanya jaribio lake. Alichukua chombo cha kioo chenye nafasi ya galoni 12, yaani lita 54 hivi, akakijaza maji ya chemchemi kiasi cha nusu. Chini akatia mchanga na matope, akapanga mawe ili samaki wapate kivuli. Akapanda mmea wa majini uitwao valisneria, akatia samaki wadogo wawili wa rangi ya dhahabu. Juu ya mdomo wa chombo akafunika kitambaa chepesi, ili masizi ya hewa ya London yasiingie.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Halafu majani ya zamani ya mmea yakaanza kuoza. Maji yakawa na vumbi, na utando wa kijani wenye utelezi ukafunika kioo na mawe. Mtu mwingine angalimwaga yote na kuanza upya. Warington akafikiri juu ya mabwawa ya porini, ambako majani huoza kila siku na maji hayaharibiki, akaona kwamba huko kuna konokono. Akatia konokono watano au sita. Wakala majani yaliyooza na utando ule, na baada ya muda mfupi maji yakatakata. Tena konokono wakataga mayai mengi, na samaki wakapata chakula. Mwezi wa Machi 1850 akaandika habari hizi, zikatolewa katika jarida la Chemical Society.

Habari ile ilienea kama moto wa nyika. Mwaka 1852 Warington alikuwa akijaribu jambo lile lile kwa maji ya bahari, na mwaka huo huo Philip Henry Gosse, mwandishi wa vitabu vya wanyama, alikuwa akilijaribu katika pwani ya Devon. Mwezi wa Mei 1853 nyumba ya samaki ikafunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ya kwanza ya namna yake kwa watu wote. Mwaka 1854 Gosse akatoa kitabu kiitwacho The Aquarium, na jina hilo likashika. Watu wa mjini, wakubwa kwa wadogo, wakataka kila mmoja awe na tangi sebuleni.

Hapo ndipo ubaya ulipoingia. Watu walisikia kwamba maji hayahitaji kubadilishwa, wakafurahi, lakini hawakuhesabu samaki. Warington alikuwa na samaki wadogo wawili katika lita 27 hivi za maji. Waliomwiga walitia kumi, ishirini, na konokono na kaa na kila kitu kizuri walichokiona dukani. Kwa siku chache tangi lilipendeza sana. Kisha asubuhi moja walikuta samaki wameelea tumbo juu, na maji yananuka. Wengi wakachoka, matangi yakatupwa, na baada ya miaka michache ile homa ya akwariamu ikapoa. William Alford Lloyd, aliyekuwa na duka la vitu hivyo London, alijifunza kwa hasara za namna hiyo. Alipopewa kazi ya kusimamia akwariamu kubwa ya Crystal Palace, iliyofunguliwa mwaka 1871, alitaka maji yaliyofichwa chini ya sakafu yawe mengi mara kadhaa kuliko yale yaliyoonekana katika vioo, na mashine iyazungushe mchana na usiku. Alikuwa ameelewa kwamba dawa ya wanyama wengi ni maji mengi.

Warington mwenyewe aliendelea na kazi yake ya dawa. Mwaka 1864 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mtu wa elimu katika nchi yake. Afya yake ikapungua, akaacha kazi mwaka 1866, na mwezi wa Novemba 1867 akafariki dunia huko Budleigh Salterton, pwani ya Devon, akiwa na umri wa miaka 60. Sisi wa Puta tunaukumbuka mwezi huo kwa habari nyingine, kwa maana tarehe 8 Novemba 1867 David Livingstone alifika kwenye ziwa letu la Mweru.

Habari za watu wengine huishia kaburini. Habari ya Warington iliendelea kwa mwanawe, na hapa ndipo nusu ile iliyosahauliwa inapoonekana.

Mtoto huyo naye aliitwa Robert. Alizaliwa mwaka 1838, kwa hiyo baba yake alipotia samaki katika kioo alikuwa na umri wa miaka kumi tu. Mwili wake ulikuwa dhaifu, na kemia akafundishwa na baba yake. Mwaka 1876 akaenda kufanya kazi Rothamsted, mahali maarufu pa majaribio ya kilimo katika Uingereza. Kazi yake haikuwa ya samaki. Alichunguza jinsi samadi inavyogeuka kuwa chakula cha mimea udongoni.

Samadi na mikojo hutoa amonia. Wakulima walijua kwamba amonia hiyo, ikikaa udongoni, hugeuka kuwa nitrati, chakula kizuri cha mimea. Lakini ni nani anayeigeuza? Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika mchanga na mawe ya chokaa. Baada ya siku 20 hivi amonia ikaanza kugeuka nitrati. Kisha wakatia klorofomu, na kazi yote ikasimama. Wakatambua kwamba wafanyakazi ni viumbe hai, kwa kuwa klorofomu hulaza na kuua kilicho hai, wala haizuii kazi ya mchanga mtupu. Warington mdogo akalijaribu jambo hilo katika udongo wa Rothamsted, akaliona ni kweli. Akaendelea mbele zaidi, akaonyesha kwamba kazi ina hatua mbili na wafanyakazi wa aina mbili. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, na wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Alitaka kuwatenga na kuwaona peke yao, lakini hakufanikiwa. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kiev aliyekuwa akifanya kazi Zürich, ndiye aliyewatenga. Warington mdogo alifariki mwaka 1907.

Basi sasa tukitazama tena kile kioo cha mwaka 1849, tunaona jambo ambalo baba hakulijua. Yeye alihesabu wafanyakazi watatu: samaki, mmea na konokono. Kumbe alikuwa na wa nne. Katika mchanga, matope na mawe yake mlikuwa na bakteria hawa wasioonekana kwa macho, nao ndio waliosaidia kuondoa sumu. Samaki hutoa amonia mchana na usiku kwa njia ya mashavu, na chakula kilichobaki hutoa zaidi kinapooza. Amonia hata kidogo huunguza mashavu ya samaki. Nitriti nayo huingia katika damu na kuifanya ya rangi ya kahawia, isiweze kuchukua oksijeni, hata samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Nitrati haina ukali kama hizo mbili, lakini ikizidi sana nayo hudhoofisha. Na vyote vitatu, msomaji, havina rangi. Maji yenye amonia ya kuua yanaweza kung'aa kama maji ya mvua. Konokono wanaweza kusafisha kioo, wasiweze kuondoa sumu hiyo. Wao wenyewe huiongeza.

Tufanye hesabu ndogo, kama ile ya darasani. Tuseme samaki wetu wanaongeza vipimo 10 vya uchafu wa nitrati kila juma, na kila juma tunatoa robo ya maji na kutia mapya. Tukitoa robo ya maji, robo ya uchafu hutoka, na robo tatu hubaki. Uchafu utapanda juma kwa juma mpaka robo yake iwe sawa na vipimo 10 vinavyoingia, yaani utafika 40 kabla ya kubadilisha maji na 30 baada yake. Hapo utasimama. Tukitoa nusu ya maji kila juma, utafika 20 tu, na kushuka hata 10. Sasa tuongeze samaki mara mbili na kuendelea na robo ile ile. Uchafu utafika 80. Na kama hatubadilishi maji kabisa, wala mimea haitoshi kuula uchafu huo, hapana mahali utakaposimama. Kwa hiyo mwenye samaki wengi hana njia ila tatu: apunguze samaki, aongeze chombo, au ashike ndoo kila juma bila kuchoka.

Yako mambo machache ya kushika, ambayo shule yenye tangi katika chumba cha sayansi itayaona kuwa ya faida. Maji yasitolewe yote kwa mara moja, kwa sababu badiliko la ghafla la joto na la hali ya maji huwashtua samaki na kuweza kuwaua. Robo mpaka theluthi kwa juma hufaa katika tangi lenye wakazi wengi. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe katika ndoo wazi siku nzima kwanza, kwa kuwa klorini huua samaki na hao bakteria pia. Mchanga usioshwe mpaka ung'ae, kwa maana wafanyakazi wamo humo. Uoshwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Tangi jipya litiwe samaki mmoja mmoja, kwa kuwa bakteria huchukua majuma kadhaa mpaka watoshe kazi. Chakula kiwe kile kinacholiwa chote kwa dakika chache. Na samaki wakionekana alfajiri wamekuja juu wote wakifungua vinywa, jueni kwamba oksijeni imekwisha usiku, kwa sababu gizani mimea nayo huvuta hewa pamoja nao. Jambo hilo huwapata hata wenye mabwawa ya kufugia samaki mashambani, wanapotia samaki wengi kupita kiasi na kuwapa chakula kingi.

Watu wa kwetu huenda wakasema: mbona Mweru haibadilishwi maji na mtu, na samaki wamo tangu babu zetu? Jibu ni kwamba Mweru hubadilishwa maji kila siku. Mto Luapula huleta maji mapya kutoka kusini, na mto Luvua huyatoa ya zamani karibu na Pweto, kaskazini. Upepo huyatikisa na kuyatia hewa, na matope na mafunjo ya kando yana bakteria wasiohesabika. Mwenye tangi amewatoa samaki katika mito hiyo miwili, basi hana budi yeye mwenyewe kuwa Luapula yao na Luvua yao, kwa ndoo yake.

Robert Warington hakuwahi kusema uongo juu ya kioo chake. Aliandika alichokiona: ukubwa wa chombo, kiasi cha maji na hesabu ya samaki. Waliosoma haraka ndio waliochukua neno la kutobadilisha maji na kuiacha hesabu ya samaki wawili. Mwanafunzi anayesoma jaribio la mtu mwingine na ajifunze kusoma na vipimo vyake pia.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho, Puta